Daftari la Mama na Kopo la Mama Yohana

Mjukuu wangu ameacha kula nyama. Hakuna aliyemkataza, si daktari wala shehe. Ameamua tu, kama mtu anavyoamua kubadili msuko wa nywele. Sasa rafu yake imejaa vitabu vya mapishi ya watu wa aina yake, vyenye picha zinazong'aa hadi unatamani kulamba karatasi. Juzi alinipangia vitano mezani akaniuliza, "Bibi, kipi unakipenda zaidi?" Nikamjibu kwamba ninachokipenda kililiwa na mchwa zamani, na kwamba hakikuwa kitabu bali daftari la shule, halina picha hata moja, na mwandiko wake ni wangu mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mmoja. Akacheka, akidhani namtania. Basi nawaandikia ninyi wenzangu wa rika langu, mliokula chakula cha bweni enzi zile. Ninyi mtacheka pale panapostahili.

Tulikaa Mbeya mjini, nyuma ya duka la baba. Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yake alipanda kutoka pwani na biashara, akaoa huku juu, akabaki. Lakini kumwambia baba kwamba yeye ni mtu wa bara ilikuwa sawa na kumtukana. Nje tulicheza kwa Kisafwa na Kinyakyusa, ndani tulisema Kiswahili, na chungu cha mama kilikuwa pwani tupu. Nazi zilikuja kwa lori, kwenye magunia, zimepita Morogoro na Iringa, na mama alizipokea kama wageni waliochelewa: anazitikisa sikioni moja moja, isiyo na maji anairudisha kwa mwenyewe. Baridi ya Mbeya iligandisha tui juu ya maharage ya jana, nasi watoto tuligombania ule utando mweupe kuliko tulivyogombania mifupa.

Nilipomaliza darasa la nne baba alitaka niendelee. Shule ya wasichana iliyokuwa na nafasi ilikuwa ya wamisheni, ya bweni, juu ya kilima nje ya mji wa Iringa. Msikitini wakamwambia atarudishiwa Mkristo. Akawajibu kwamba binti yake anakwenda kusoma, si kubatizwa, na kwamba hatagusa nyama isiyochinjwa na Mwislamu mpaka siku atakayomaliza. Aliyasema hayo mbele ya wanaume wote, na neno lake likawa mzigo wangu mimi. "Nyama usile, mchuzi wake usionje," aliniambia huku akipima gauni langu la shule. "Na nguruwe, hata kivuli chake kikupite mbali. Siku utakayokula, siku hiyo nakuja kukuchukua, na shule imekwisha."

Mama hakubisha. Mama alivuka barabara akaenda kwa Mama Kanti, jirani yetu wa Kihindi, ambaye nyumbani kwake hapakuingia nyama, samaki wala yai. Miaka yote mimi niliamini kwamba mwenye bucha amekosana na watu wale. Niliwaonea huruma sana, hata siku moja nikampelekea mtoto wao kipande cha mshikaki nilichokificha kiganjani, nikashangaa mbio alizotoka nazo. Mama alishinda kwa Mama Kanti siku mbili. Aliporudi aliniambia nikae chini na daftari jipya. Yeye aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani alipokuwa mdogo, lakini huko ninakokwenda nani angezisoma? Kwa hiyo alisema yeye, nikaandika mimi kwa herufi za shule.

Maharage ya nazi. Kunde za nazi. Mchicha wa nazi. Viazi kwa bizari na nazi. Ndizi mbichi za nazi. Dengu za Mama Kanti, ambazo mama alizitia nazi bila kumwambia Mama Kanti. Hata kabichi ya watu ilipata nazi. Vipimo vyake vilikuwa vyake: chumvi ya vidole vitatu, moto wa kusinzia, "koroga mpaka mkono uchoke kidogo." Akisema nazi moja hunyamaza, hunitazama nilivyo mwembamba, kisha husema, "Andika mbili." Nilidhani ananipa kazi ya ziada ili nisipate muda wa kulia. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akijizuia kulia.

Jiko la shule lilikuwa banda lenye moshi, na mwenye jiko alikuwa Mama Yohana. Alikuwa Mhehe, mjane, mfupi, mwenye mikono ya kuinua sufuria la wasichana sitini peke yake. Kusoma hakujua. Mwalimu Mkuu, Mzungu mrefu mwenye haraka, alinikabidhi kwake pamoja na daftari langu akaondoka.

"Kamwene," alinisalimu. "Wewe ndiye yule mtoto hali nyama?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi. Ni dini."

"Haya. Dini." Alivuta gunia la maharage, akakaa juu yake, akafumba macho. "Soma."

Kila Jumamosi baada ya kufua nilimsomea ukurasa mmoja. Alisikiliza akichezesha midomo, na alichokisikia mara moja hakikutoka tena kichwani. Jumamosi ya tatu alifumbua macho. "Hii nazi yenu, kila mahali nazi. Nazi ni kitu gani?"

Nikamweleza kwa fahari, kama mwalimu. Nikamwambia nazi ni mbegu, mbegu kubwa ya mti, sawa na kichwa cha mtoto. Ukiivunja ndani ni nyeupe. Unaikuna, unatia maji, unakamua, yanatoka maziwa mazito yenye mafuta.

"Mbegu inatoa maziwa?"

"Inatoa."

"Na ng'ombe hayumo?"

"Hayumo."

"Watu wa pwani mna mambo," akasema, akainuka kuchochea moto.

Wiki za mwanzo nilikula maharage ya maji na chumvi. Jumapili wenzangu walipata nyama, nami nilipeleka sahani yangu nje, upande ambao upepo hauleti harufu. Nilikonda. Gauni alilolipima baba lilinipwaya mpaka nikalifunga mkanda wa kamba. Kisha, bila taarifa, chakula changu kikabadilika. Maharage yakaja mazito, meupe kidogo, yana utamu wa chini kwa chini unaokaa mdomoni hata baada ya kunywa maji. Majani ya maboga yakawa laini kama yaliyopikwa kwetu. Nilikula, nikarudi na sahani, nikaomba niongezwe. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nashughulika kula. Wiki tatu zikapita hivyo, mkanda wa kamba nikauacha.

Alasiri moja nilikwenda jikoni kuomba kaa la moto la kutia kwenye pasi. Shule ilifuga nguruwe, na banda lao lilikuwa nyuma ya jiko, chini kidogo. Nikamwona Mama Yohana anapanda kutoka upande ule, ana kopo mkononi, ameliziba kwa kitambaa. Alitazama huku na huku. Akaingia, akachota kwa kijiko kitu cheupe, laini, chenye kung'aa kwa mafuta, akakitia kwenye chungu kidogo pembeni. Chungu kile nilikijua. Kilikuwa changu.

Pasi niliisahau. Nikamtafuta Tumaini, jirani yangu wa kitanda, binti wa mchungaji kutoka Ubena, nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mafuta ya nguruwe yanafananaje?"

"Meupe," alisema. "Laini. Kwetu mama anaweka kwenye kopo. Kidogo tu, mboga yote inakuwa tamu."

Nilikaa nyuma ya bweni mpaka kengele ya chakula ikalia, na sikwenda. Kula bila kujua, niliwahi kusikia, Mungu husamehe. Lakini mimi nilikuwa nimeomba niongezwe. Nilijiona nimeoza ndani. Kesho yake nikamwandikia baba barua ya mistari miwili: mpishi ananitilia mafuta ya nguruwe, njoo. Nikaipeleka mwenyewe ofisini iende na barua nyingine.

Kuanzia siku ile sikula ila viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Nilimdanganya Mama Yohana kwamba tumbo linaniuma. Akanichemshia majani ya mpera, akasimama juu yangu mpaka nilipoyamaliza, akanifuta mdomo kwa upande wa khanga yake. Niliyanywa kwa hofu, nikihisi namchukia, na hapo hapo nikitamani asiondoke.

Baba hakunijibu mimi, alimwandikia Mwalimu Mkuu. Mama Yohana akaitwa ofisini. Sikusikia kilichosemwa humo. Nilimwona tu akitoka, akipita mbele yangu kama mtu asiyenifahamu. Tumaini ndiye aliyeniambia mengine. Mama Yohana amekatazwa kugusa chakula changu mpaka baba yangu afike, na likithibitika atakwenda kwao moja kwa moja. "Na wanawe watatu wanasoma kwa jiko hili," aliongeza. Mpaka dakika ile nilikuwa nimefikiria tumbo langu, ahadi ya baba na moto wa jehanamu. Yeye sikuwa nimemfikiria hata kidogo, na nilianza kuogopa mambo mawili kwa pamoja: kwamba nilisema kweli, na kwamba nilisema uongo.

Walikuja wote wawili, baba na mama, na vumbi jekundu la barabara ya Igawa lilikuwa bado limelala kwenye mikunjo ya kanzu ya baba. Hakukaa. "Kusanya vitu vyako," aliniambia. Nilikuwa wa pili darasani. Tulikuwa tumeanza kuchora ramani, na yangu ilikuwa imefika nusu, na mito bado. Nikainama kufunga sanduku, machozi yakidondokea kifuniko.

"Ngoja," alisema mama. "Kwanza nimwone aliyekuwa akimpikia mwanangu."

Tukaenda jikoni, Mwalimu Mkuu mbele. Baba aligoma mlangoni, hakuvuka kizingiti. Mama Yohana alisimama kando ya moto, mikono ameifunika ndani ya khanga.

"Hujambo, mama?" mama alimsalimu.

"Sijambo. Karibuni."

"Sikuja kugombana. Nataka unionyeshe tu, huyu ulikuwa unampikiaje?"

Mama Yohana akamtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akakubali kwa kichwa. Basi akapanda juu ya kigogo, akashusha chungu kidogo kutoka kwenye rafu ya juu kabisa.

"Chungu hicho kimepikiwa nini?" baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Chakula cha mtoto."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake kilikuwa udongo, baba." Alikipuliza vumbi. "Nilikileta kipya kutoka nyumbani. Sufuria za hapa zote zimepita nguruwe. Nikaona, huyu mtoto, dini yake itakasirika."

Mama Yohana akatoka kwenda nyuma, kule bandani, na baba akamfuata hatua kwa hatua, kanzu ameishika juu. Sisi tukabaki tunatazamana na moshi. Waliporudi, baba ndiye aliyekuwa amebeba. Alibeba ungo, na ndani ya ungo zilikuwa mbegu za maboga.

"Zilikuwa juu ya paa la banda," alimwambia mama kwa sauti ndogo. "Ndilo bati pekee linalopata jua mchana kutwa."

Mama Yohana akazitwanga kinuni, akachekecha maganda, akasaga unga ule juu ya jiwe kwa matone ya maji mpaka ukawa laini, mweupe, unang'aa kwa mafuta yake wenyewe. Akafungua kopo na kutuonyesha: ni kitu kile kile, alichosaga jana yake akitumaini ataruhusiwa kunipikia tena. Akatia maji, akakamua kwa kitambaa. Yakatoka maziwa. Akayamimina juu ya maharage, akapunguza kuni ukabaki moto wa kusinzia, akaanza kukoroga, na niliona anakoroga mpaka mkono unachoka kidogo, kama ilivyoandikwa.

Mama alikinga kiganja. Mama Yohana akamdondoshea tone la mchuzi, mama akalilamba.

"Hili ni tui," alisema.

"Sijui jina lake," alisema Mama Yohana. "Mtoto alinisomea kitabu chako. Kila mahali nazi. Mimi nazi sijapata kuiona. Nikamuuliza, akaniambia ni mbegu, inakamuliwa, inatoa maziwa ya mafuta. Nikafikiri, kama ni mbegu tu, hata sisi tunazo mbegu. Sisi tunatwanga, tunatia kwenye majani. Nikasema wacha nikamue, nione."

"Na kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia angesema hii si ya kwetu, angeacha kula. Ndiyo maana nilisagia kule bandani, asinione. Nilitaka ajione yuko kwao."

Mama akakaa juu ya gunia la maharage, akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sikumbuki kipi kilitangulia. Aliniamuru nilete daftari. Akamhoji Mama Yohana mbegu kiasi gani kwa maji kiasi gani, nami nikaandika, herufi zimelala kila upande. Ulikuwa ukurasa pekee katika daftari zima usio na nazi.

Baba alivuka kizingiti. Aliomba maji, akanawa, akavuta kigoda, akasema bismillahi. Huyu alikuwa mtu ambaye hakunywa hata chai kwa asiyemjua. Akala bakuli zima, akapangusa mdomo, akasimama mbele ya yule mama mfupi.

"Mama, tumekukosea," alisema. "Tuwie radhi."

Sikuwahi kumsikia baba akiomba radhi kwa mtu yeyote, achilia mbali mwanamke, tena wa jikoni. Mama Yohana aliangalia chini. "Mtoto alimwogopa Mungu," alisema. "Si kosa baya hilo." Mimi niliyemsingizia, yeye ndiye aliyenitetea. Siku iliyofuata wazazi wangu walipanda basi la Mbeya bila mimi, na huko msikitini nasikia baba aliyaeleza yote, mpaka habari ya ungo juu ya banda la nguruwe, bila kujionea aibu.

Lakini baba aliomba radhi kwa niaba ya nyumba. Mimi nilikuwa sijasema kitu. Ilinichukua siku tatu. Siku ya nne nilisimama mlangoni mwa jiko, sahani tupu mkononi.

"Mama Yohana, nisamehe."

Aliendelea kukata mboga. "Ungeniuliza tu."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi napiga watoto?"

"Niliogopa utasema ndiyo."

Kisu kikasimama. Akanitazama muda mrefu, na uso wake, uliokuwa umefungwa siku zote zile, ukafunguka. "Haya," alisema. "Uliza sasa."

"Ndani ya kopo kuna nini?"

"Mbegu za maboga."

"Basi nipe."

Tangu siku ile hakunipakulia kabla sijauliza. Nikisahau, alishika upawa hewani akasubiri. Mwanzoni niliona ni adhabu, na niliuliza kwa aibu, macho chini. Baadaye ukawa mchezo wetu. Niliuliza kwa sauti ya Mwalimu Mkuu, kwa sauti ya shehe, kwa Kihehe kibovu kilichomfanya ashike mbavu. Miaka yote minne niliuliza, na miaka yote minne alinijibu kana kwamba ni mara ya kwanza. Nilisoma kwa chakula kile. Nilikuja kuwa mwalimu, nikawafundisha wasichana wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, na kila nilichowapa kilipitia kwanza kwenye chungu kile kilichokuwa udongo. Namshukuru mama yangu, namshukuru baba kwa bakuli lile. Ila Mama Yohana namshukuru kwa namna ambayo mpaka leo sijapata jina lake.

Siku ya kufunga shule, mwaka wa mwisho, sanduku langu lilikuwa tayari barazani na lori linasubiri. Nilikwenda jikoni na sahani. Nilifungua mdomo niulize, sauti ikagoma kutoka. Alisubiri, upawa hewani, kama kawaida yake. Kisha akapakua, akaijaza sahani mpaka ukingoni.

"Mbegu za maboga, mwanangu," alisema. "Kula."